Msitu, Bahari na Afya ya Akili: Somo kwa Mkaazi wa Kwale

Machi mwaka wa 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, hoteli za Diani zilifunga milango moja baada ya nyingine. Mjomba wangu alikuwa mpishi katika mojawapo. Alirudi nyumbani Ukunda na mfuko mmoja wa nguo, na visu vyake vya kazi amevifunga kwa taulo. Wiki ya kwanza tulimtania kwamba sasa amepata likizo. Wiki ya tatu hakuna aliyetania tena. Usiku halali, mchana hatoki chumbani, akiitwa chakula husema ameshiba ilhali hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Baadhi ya majirani walisema amerogwa. Wengine walisema ni uvivu tu wa mtu aliyezoea vya hotelini. Mimi niliyesomea uandishi wa habari, na habari za afya nimeandika si haba, sikusema lolote, kwa sababu sikujua niseme nini.

Aliyemtoa chumbani mara ya kwanza ni mjukuu wake wa miaka sita, aliyemng'ang'ania ampeleke pwani kuangalia wavuvi wakirudi. Walitoka baada ya swala ya alfajiri. Walirudi saa tatu, mtoto kashika changu wawili kwenye kamba, na mjomba akaomba chai. Kesho yake wakaenda tena. Baada ya wiki mbili alikuwa akienda hata mtoto akiwa amelala.

Nitamrudia mjomba baadaye, kwa maana habari yake haikuishia pwani, na kuikatiza hapo itakuwa ni kumdanganya msomaji. Lakini tangu siku zile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo somo letu la toleo hili: kukaa nje, penye miti, maji na upepo, kunamfanyia nini mtu ambaye akili yake imechoka? Na sisi wa Kwale, wenye bahari mbele na vilima vya Shimba nyuma, tunafaidika nacho kiasi gani?

Tuanze na maana ya maneno

Afya ya akili si neno jingine la wazimu. Ni hali ya mtu kuweza kubeba mizigo ya kawaida ya maisha, kufanya kazi yake, kulala, kula, kupatana na watu na kuamua mambo yake. Hali hiyo hupanda na kushuka kwa kila mmoja wetu. Kuna msongo wa mawazo, unaompata mtu karo ikichelewa au mvua ikikosa, na mara nyingi hupungua sababu yake ikiondoka. Kuna wasiwasi unaokaa kifuani hata pasipo na jambo la kuogopa. Kuna sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki na wiki, inayomnyima mtu hamu hata ya vitu alivyovipenda. Na kuna magonjwa makali zaidi ambapo mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii au hupotewa na uhalisia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la akili la aina fulani. Jaza matatu ya watu 14 na uhesabu mwenyewe.

Somo hili linahusu zaidi mawili au matatu ya mwanzo. Kwa yale makali, upepo wa bahari ni kitulizo tu. Matibabu yako hospitalini, na tutafika huko.

Waliopima wamepata nini

Mwaka wa 1984, mtafiti Mmarekani aitwaye Roger Ulrich alichapisha matokeo ya jambo dogo sana. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Nusu yao walilazwa kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine, wa umri na hali inayofanana na wale wa kwanza, dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache kuwahusu. Wagonjwa wale hawakutembea msituni wala kugusa jani. Waliangalia tu.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California waliwagawa watu 38 wenye afya katika makundi mawili. Kundi moja lilitembea kwa dakika 90 katika eneo la nyasi na miti, la pili likatembea muda uleule kando ya barabara kubwa yenye magari. Waliopita penye miti walirudi wakiwa wamepunguza ile tabia ya kutafuna wazo baya lilelile, kama ng'ombe anayecheua. Picha za ubongo nazo zilionyesha kwamba sehemu inayohusishwa na tabia hiyo ilikuwa imetulia. Waliotembea barabarani hawakubadilika. Kwa hiyo kutembea peke yake hakukutosha. Pale walipotembea palikuwa na neno.

Utafiti unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa mwaka wa 2019, uliotumia majibu ya watu karibu 20,000 nchini Uingereza. Waliokuwa wamekaa penye miti, mashamba au ufukwe kwa jumla ya dakika 120 au zaidi katika wiki walielekea kusema kwamba afya yao ni nzuri na maisha yanawaridhisha, kuliko wale ambao hawakutoka kabisa. Haikujali kama ni saa mbili za mkupuo mmoja au ni vipande vidogovidogo vya wiki nzima. Chini ya dakika 120, tofauti haikuonekana vizuri.

Hapa nitatia breki kidogo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowafanya watu wale wawe wazima, kwani huenda mtu mzima ndiye mwenye nguvu za kutoka nje. Watafiti wenyewe wanalikubali hilo, ingawa waliona hali hiyohiyo hata kwa watu wenye maradhi ya muda mrefu. Na Uingereza si Kwale. Kule jua ni neema ya siku chache, huku tunalikimbia saa sita. Ichukue namba hiyo kama fimbo ya kutembelea, si kama sheria.

Inafanyaje kazi

Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza, katika kitabu walichokitoa mwaka wa 1989, kwamba binadamu ana umakini wa aina mbili. Upo ule wa kulazimisha: kuhesabu chenji stendi ya Ukunda huku makanga anapiga kelele, kusoma ujumbe wa mkopo kwenye simu, kuvuka barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga pikipiki zikipita kulia na kushoto. Umakini huu huchoka kama msuli, na ukichoka mtu huwa mkali, husahau, hukosea. Umakini wa pili huja bila kuitwa. Wimbi linavunjika kwenye mwamba na jicho lako linalifuata, majani ya mnazi yanachezacheza, kaa anatoka shimoni na kurudi. Hujajitahidi kuangalia, lakini unaangalia. Wakati huo ule msuli wa kwanza unapumzika.

Mwili nao una sehemu yake. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya ndani ya mwili, na mtu anayepata mwanga wa mapema hupata usingizi kwa urahisi zaidi usiku. Kutembea huchangamsha damu. Na mara nyingi nje kuna watu, hata kama ni wa kusalimiana tu. Kwa mjomba, sijui hadi leo ni lipi kati ya haya lililofanya kazi. Nadhani yote, pamoja na ule mkono wa mtoto.

Kaya Kinondo: darasa la siku nyingi

Mwaka wa 1982, idara ya misitu ya Japani ilibuni neno jipya lenye maana ya kuoga msitu, kuwahimiza watu wa mijini waingie msituni taratibu na kutulia humo. Neno limesambaa duniani, na leo kuna wanaolipwa pesa nzuri kwa kuwafundisha wageni namna ya kusimama kimya mbele ya mti. Nasema hivi bila kejeli, kwani sisi tunao msitu wenye adabu zake kusini kidogo mwa ufuo wa Diani, na wengi wetu tumeupita kwa gari mara mia bila kuingia.

Kaya, kwa Mijikenda, maana yake ni nyumbani. Misitu ya kaya ilikuwa maboma ya wazee wetu, na watu walipohamia nje waliacha humo makaburi, mahali pa maombi na miiko ya kuulinda msitu. Kaya Kinondo ya Wadigo ni miongoni mwa kaya zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Si msitu mkubwa, ni ekari zipatazo 75 hivi, lakini ukiingia hatua hamsini joto la barabarani linabaki nyuma yako.

Mgeni haingii kama anayeingia sokoni. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huongozwa na mtu wa kaya. Haruhusiwi kuchukua kitu, hata jani, hata kijiwe. Haruhusiwi kupiga kelele wala kufanya mambo ya mapenzi. Kuna sehemu ambazo hafiki. Na yupo mti mkubwa ambao waongozaji humwalika mgeni aukumbatie, aegemeze kifua, atulie na aache hapo alichokuja nacho.

Niliukumbatia mti huo nikiwa na kamera shingoni na aibu usoni, maana nilikuwa nimekwenda kikazi. Sitasema nilitoka nikiwa mtu mpya. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya muda nilisikia sauti ya wadudu ambayo bila shaka ilikuwepo tangu nilipoingia, na kwamba simu ilikuwa mfukoni na sikuwa nimeiwazia.

Angalia zile kanuni tena kwa jicho la somo letu. Kaniki inakwambia kwamba umevuka kutoka mahali fulani hadi mahali pengine. Kutochukua kitu kunaondoa ile akili ya kutafuta faida. Ukimya unafungua masikio. Kutembea nyuma ya mwenyeji kunapunguza mwendo. Sidai kwamba wazee walitunga miiko hiyo kwa ajili ya afya ya akili ya mtalii. Waliitunga kwa sababu zao, za ibada na za ulinzi, na kaya si zahanati. Anayeona imani yake haimruhusu kuingia huko asijilazimishe. Lakini adabu hizo unaweza kwenda nazo popote: chini ya mkwaju wa kwenu, kwenye njia ya Msitu wa Muhaka, au ufukweni Tiwi saa kumi na mbili asubuhi.

Mikono kwenye tope la Gazi

Si lazima utulivu uwe wa kukaa kimya. Pale Gazi, katika kaunti ndogo ya Msambweni, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka wa 2013 na kuwa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Mwaka wa 2017 ulishinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mapato yamekwenda kwenye maji, shule na mahitaji mengine ya vijiji hivyo. Hayo yameandikwa sana, nasi hapa tumeyaandika.

Kisichoandikwa sana ni siku yenyewe ya kupanda. Maji yamekupwa, watu wameingia topeni hadi magotini, kina mama wamefunga leso viunoni, vijana wanabeba miche, mtu akiteleza wote wanacheka. Unachomeka mche wa mkoko, unasonga hatua, unachomeka mwingine. Kwa saa mbili tatu kichwa hakina nafasi ya kucheua. Na mwaka ukipita unarudi kuona mche wako umefika kiunoni. Anayesumbuliwa na sonona hukosa mambo matatu: sababu ya kutoka nje, watu wa kuwa nao, na ushahidi kwamba jambo alilolifanya limezaa kitu. Siku ya kupanda mikoko inampa yote matatu, na haimlazimishi aeleze shida yake kwa mtu yeyote. Kwa mwanamume wa Pwani, ambaye ni afadhali apasue kuni mchana kutwa kuliko aulizwe moyo wake una nini, hilo si jambo dogo.

Asiyetaka kuchafuka anaweza kupita kwenye daraja la mbao la kina mama wa Gazi, linalokatiza katikati ya mikoko. Wenzao wa Wasini wanalo la kwao, juu ya bustani ya matumbawe.

Lakini mvuvi je?

Nilipowaeleza wavuvi wawili wa Msambweni kwamba naandika makala kuhusu bahari kutuliza akili, walitazamana, kisha wakanitazama mimi. Walikuwa na haki. Mtu anayekwenda baharini usiku wa kusi na mashua ya kuazima, injini ya mkopo, na nyumbani hakuna unga, bahari kwake ni ofisi. Wakati mwingine ni ofisi inayoua. Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa pembezoni mwa Shimba Hills ambaye ndovu wamemmalizia mahindi usiku mmoja, au mfugaji wa Kinango aliyeona ng'ombe wakianguka katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022. Kumwambia huyo atoke akafurahie mazingira ni kumkosea heshima.

Zipo basi bahari mbili katika maji hayohayo, ya kazi na ya kupumzika, kama zilivyo shamba mbili katika udongo uleule. Kinachotofautisha ni kama kichwa kina ruhusa ya kutofanya hesabu. Mvuvi anaweza kuipata ruhusa hiyo nusu saa baada ya kuuza samaki, akikaa bandani na wenzake na kikombe cha kahawa, wala asione haya kwamba amekaa bure. Wazee wetu waliokaa kwenye baraza jioni, upepo ukivuma, hawakuwa wavivu. Mkulima huenda akaipata mbali na shamba. Na kwa mwenye njaa au deni, dawa ya kwanza ni chakula na namna ya kulipa. Mti utamsubiri.

Kina mama ni suala jingine. Wengi hawana saa mbili za wiki za kuita zao. Wanaokwenda pwani huenda kutafuta pweza na chaza, na wanaokwenda msituni hufuata kuni. Msichana anayetembea ufukweni peke yake jioni hupata maneno asiyoyaomba. Kwa hiyo mume anayesoma haya, kabla ya kumshauri mkeo apunge upepo, shika mtoto kwanza. Nimeona vikundi vya chama ambavyo hukutana chini ya mwembe badala ya sebuleni, na mkutano ukiisha wanatembea pamoja hadi kwenye maji na kurudi. Sina utafiti wa kulithibitisha hilo. Nina macho tu.

Njia ya kufika majini

Kuna jambo ambalo ofisa wa habari wa kaunti hawezi kulikwepa akizungumzia ufuo wa Diani. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuo ni wetu sote. Lakini ufuo bila njia ya kuufikia ni sawa na kisima kilichozungushiwa ua, na kila mkaazi wa Ukunda anajua njia ambayo alipita akiwa mtoto na leo ina ukuta. Ukiona njia ya umma imezibwa, toa taarifa kwa msimamizi wa wadi yako, na ulizungumze katika mikutano ya ushirikishaji wa umma ambapo mipango ya ardhi hujadiliwa. Mambo haya huonekana kama ya ardhi tu. Nayahesabu pia kuwa ya afya.

Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa. Baadhi vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vingine vikaachwa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2018, watu walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa miti walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 kusema kwamba wanajihisi wameelemewa na huzuni, ukilinganisha na wale wa viwanja vilivyoachwa. Miti michache tu na nyasi. Kila zahanati yetu ina ua, na kila shule ina kona inayochomewa taka. Mwarobaini na mwembe havihitaji bajeti ya ziada ili viote.

Zimbabwe wamekwenda mbele zaidi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza kina bibi wa mitaani kusikiliza watu wenye msongo, wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya vituo vya afya. Matokeo ya majaribio, yaliyochapishwa mwaka wa 2016, yalionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi, kivuli, na mtu mzima anayesikiliza. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Sisi mabibi tunao, na mabenchi mafundi wa Msambweni watayachonga.

Ukitaka kuanza wiki hii

Chagua mahali panapofikika kwa miguu, maana pa nauli utapaacha. Dakika 20 kila siku, siku sita, zinakupa 120. Asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi ndiyo saa nzuri ya ukanda wetu. Simu iweke mfukoni bila sauti. Usitembee kwa kushindana na mtu. Ukiwa mahali penye mbega, kama pale Diani wanapovuka barabara kwa ngazi za kamba, simama uwaangalie wakiruka, wala usiwalishe. Mzee asiyeweza kutembea aletewe kiti uani. Ukumbuke wagonjwa wa Ulrich: hata dirisha lina faida, kwa hiyo kitanda cha mgonjwa kigeuzwe kitazame nje.

Baharini, uliza maji kabla ya kwenda. Wakati wa bamvua maji hurudi kwa kasi na mtu aliyekwenda mbali mwambani anaweza kuzungukwa. Ndani ya Shimba Hills usitembee nje ya utaratibu wa Shirika la Wanyamapori, kwani ndovu hana habari na utafiti wowote. Na jioni jipake dawa ya mbu.

Pale miti isipotosha

Nilisema nitamrudia mjomba. Baada ya miezi miwili ya kwenda pwani alikuwa anakula na anaongea, na sote tukashukuru tukidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Siku moja alimwambia mkewe maneno ambayo mtu huyasema akiwa amechoka na uhai wenyewe. Mkewe hakumkemea, wala hakumficha. Alimfuata muuguzi jirani, na kesho yake wakaenda hospitali. Akapewa dawa, akapangiwa siku za kuzungumza na mshauri. Alizitumia dawa kwa muda wote alioambiwa, na pwani aliendelea kwenda. Daktari mwenyewe alimhimiza asiiache.

Ukiona mtu wako halali au hali kwa zaidi ya wiki mbili, ameacha alivyovipenda, anasikia sauti, anagawa vitu vyake, au anazungumzia kufa, usimpeleke matembezi ukarudi ukadhani umemaliza. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, linampa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mtafute mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako akuelekeze. Simu ya bila malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Kwa shida ya dawa za kulevya na pombe, simu ya bila malipo ya NACADA ni 1192. Anayetaka pia kuombewa na sheikh au mchungaji, au kumwona mzee anayemwamini, afanye hivyo, ila asisimamishe dawa.

Na asiogope sheria. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yanazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, na yanamlinda mgonjwa dhidi ya kubaguliwa. Kufungwa kamba au kufungiwa chumbani nyumbani si matibabu. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu ni kinyume cha Katiba. Familia zilizokuwa zikificha jambo hili kwa hofu ya polisi zina sababu moja kubwa zaidi ya kutoka na mgonjwa wao mchana kweupe.

Mjomba hakurudi hotelini hata mipaka ilipofunguliwa. Anauza viazi karai na samaki wa kukaanga karibu na kituo cha kuteremshia samaki, kwa visu vilevile. Mjukuu sasa ameingia sekondari na hataki tena kuamshwa alfajiri.